Siku Nane Bila Kidonge: Daftari la Safari, Nakuru hadi Kisumu

Jumapili usiku, Nakuru

Nimemeza kidonge cha mwisho saa tatu usiku. Setirizini, dawa yangu ya mzio, kile cheupe kidogo ambacho kimekaa kando ya kitanda changu kwa miaka sita. Kuanzia kesho sina ruhusa. Daktari wa Kisumu nitakayemwona Jumatatu ijayo alinieleza kwa simu, akarudia kama anayezungumza na mwanafunzi mtundu: siku saba kamili bila dawa yoyote ya kuzuia histamini, hata zile za mafua za dukani. Dawa ikiwa ingali mwilini ngozi haitavimba hata ikichokozwa, kipimo cha mzio kitadanganya, na mimi nitakuwa nimesafiri bure.

Mimi ni mwalimu wa Bayolojia. Sura ya kinga ya mwili nimeifundisha miaka kumi na miwili, na kila mwaka nimesema sentensi ile ile: "Mtu mwenye mzio akikutana na chavua, mwili wake hutengeneza histamini." Wanafunzi hunakili, tunafunga ukurasa, tunahamia figo. Sasa likizo ya Agosti imeingia, kidonge kimetoka, nami nimenunua daftari la kurasa 96 ili niione sentensi hiyo ikinitendea kazi.

Husemwa jina la Nakuru lilitoka katika Kimaasai, likimaanisha mahali pa vumbi. Kuzaliwa hapa na pua kama yangu ni mzaha ambao sijauelewa bado.

Jumatatu, Nakuru hadi Molo

Asubuhi shwari. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita na vita havikuja, kwa sababu kidonge cha jana kilikuwa bado kinafanya kazi. Lakini inafaa niseme hapa kinafanya kazi gani hasa, maana shangazi yangu, wauzaji wa dawa wawili na mimi mwenyewe tumewahi kulikosea jambo hili. Kidonge hakizuii mwili kutoa histamini. Histamini inatoka kama kawaida. Kidonge ni abiria aliyewahi kiti: histamini inapanda matatu, inakuta kiti kimekaliwa, inashuka bila kufika ilikokuwa ikienda. Kiti hicho ni kipokezi, protini iliyo kwenye uso wa seli za mishipa ya damu, za neva na za misuli. Vipo vya aina nne, na vinavyonipigisha chafya mimi ni vya aina ya kwanza, H1. Ndiyo maana kidonge ukikimeza pua ikiwa tayari inachuruzika unasubiri mno: viti vimekwisha kukaliwa na yule usiyemtaka.

Matatu ikapita Njoro. Mahindi yalikuwa yametoa mbelewele, mistari kwa mistari, na upepo ulikuwa unapepeta. Mahindi ni jamaa ya nyasi, na nyasi ni adui wangu wa siku nyingi. Nikafunga dirisha, kijana wa nyuma akalifungua. Chafya ya kwanza ilinipata Elburgon, mbili za haraka, na mama niliyekaa naye akaniambia "Pole, Mwalimu" ingawa sikuwa nimemwambia kazi yangu. Labda ni daftari.

Jumanne, Molo

Leo nitaandika mengi.

Shangazi ana robo ekari ya pareto nyuma ya nyumba. Ua lake linapendeza, petali nyeupe na kitovu cha njano, na linachumwa kwa vidole, kichwa kimoja kimoja, likaanikwa juani hadi likauke. Ukanda huu wa Molo, pamoja na Kisii na Nyandarua, uliishi kwa pareto miaka mingi. Maua yalipelekwa kiwandani Nakuru, yakakamuliwa piretrini, sumu inayoua wadudu kwa kuvuruga neva zao. Kwa muda mrefu Kenya ndiyo iliyokuwa ikiongoza duniani. Baadaye malipo yakachelewa, wakulima wakang'oa, wakapanda viazi. Shangazi aling'oa pia, kisha akarudisha robo ekari hii, kwa ukaidi, nadhani.

Nilishika kikapu saa tatu asubuhi. Kabla dakika tano hazijaisha nilikuwa nimepiga chafya kumi na moja. Shangazi ndiye aliyehesabu. Kaakaa likawasha kwa ndani, mahali ambapo ulimi haufiki. Macho yakawa mekundu, kope zikavimba, maji yakatiririka puani kama bomba lililolegea. Shangazi akaweka kikapu chake chini.

"Mwanangu, si wewe uliyekuwa ukichuma hapa hapa ukiwa darasa la nne? Kikapu kizima, na hukupiga chafya hata moja."

Ni kweli, na ndivyo mzio ulivyo. Mara ya kwanza haupigi kelele. Nilipokuwa darasa la nne chembe za ua hili ziliingia puani mwangu, seli za ulinzi zilizo kwenye utando wa pua zikazimeza, zikazikatakata, zikaenda kuonyesha vipande kwa seli T katika tezi za limfu. Kwa watu wengi seli T hutazama, husema "hili ni ua tu", na shauri huisha. Kwa watu kama mimi zilichukua njia nyingine: zikaziagiza seli B zitengeneze kingamwili aina ya IgE, ile ambayo kazi yake ya kale inafikiriwa kuwa ni kupigana na minyoo. IgE hiyo haizunguki sana katika damu. Hutua kwenye seli za masti, ikasimama juu yake kama walinzi wenye picha ya mtu mmoja tu wa kumkamata. Mimi nikaendelea kuchuma pareto, kumbe silaha inajazwa risasi.

Seli za masti zimejaa mahali ambapo mwili unapakana na dunia: ngozi, pua, mapafu, utumbo. Mjerumani Paul Ehrlich alizieleza mwaka 1878 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari. Alizipaka rangi, akaona zimejaa vifuko vingi vya rangi, akadhani zimelishwa zikanona, ndipo akazipa jina linalotokana na neno la Kijerumani la kunenepesha. Alikosea kuhusu chakula. Vifuko vile, mamia katika seli moja, ni ghala. Mwaka 1953 James Riley na Geoffrey West wakaonyesha kwamba ndani yake mna histamini.

Na hapa ndipo sentensi yangu ya miaka kumi na miwili inapoanguka. Mwili wangu haukutengeneza histamini leo saa tatu asubuhi. Hakukuwa na wakati. Chafya kumi na moja kwa dakika tano haziwezi kusubiri kiwanda kiwashwe. Histamini ilikuwa imetengenezwa zamani, jana, juzi, wiki iliyopita, nikiwa sina habari, nikila maharagwe na mayai ya shangazi. Katika protini za chakula mna asidi amino iitwayo histidini, ambayo mwili unaihitaji kwa mambo mengi mema. Ndani ya seli ya masti kimeng'enya kimoja huishika histidini, huing'oa kaboni dioksidi, na kinachobaki ni histamini. Hatua moja tu. Kisha inafungwa ndani ya kifuko pamoja na heparini, ambayo ina chaji hasi; histamini ina chaji chanya, basi zinashikana humo zikatulia.

Chembe ya pareto ilipofika leo ilikuta walinzi wamesimama. Chembe moja ikagusa IgE mbili zilizo jirani, zikavutwa pamoja, na kule kuvutwa ndiko kengele. Kalsiamu ikaingia katika seli kwa kishindo, vifuko vikasukumwa hadi ukingoni, vikafunguka kwa nje. Maji ya mwili yana sodiamu nyingi. Sodiamu ikachukua nafasi ya histamini kwenye heparini, histamini ikaachiliwa. Yote haya ni sekunde na dakika chache.

Ikishatoka, inatafuta viti. Kwenye mishipa midogo ya damu inaifanya itanuke, ndiyo wekundu. Inazifanya seli za ukuta wake ziachane kidogo, plazima ivuje, ndiyo uvimbe. Kwenye neva, mwasho na chafya. Kwenye tezi, kamasi. Mwenye pumu angekaziwa misuli ya njia za hewa pia. Mimi sina pumu, na daktari aliniuliza mara tatu kabla ya kuniruhusu niache kidonge.

Nilimweleza shangazi haya yote tukiwa kivulini, leso mkononi. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo si ua langu."

"Si ua lako, Shangazi."

"Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wewe chako kimo ngozini."

Akarudi kuchuma.

Usiku, saa nne. Chafya zimekwisha tangu mchana lakini pua imeziba kabisa, pande zote mbili, nalala mdomo wazi. Hii nayo watu huitupia histamini, na naona inaonewa. Histamini yenyewe haidumu. Ikishatoka, vimeng'enya huivunja kwa dakika chache. Kinachoniziba sasa ni wale walioitwa nyuma yake. Seli ya masti ikishamwaga ghala huanza kutengeneza vitu vipya kutoka katika mafuta ya utando wake, prostaglandini na leukotrieni, na hutuma ujumbe wa kuita seli nyingine za damu, eosinofili zikiwa mbele. Wageni hao hufika saa nne hadi nane baadaye na hukaa. Ndiyo maana setirizini ni hodari kwa chafya na mwasho lakini pua iliyoziba huishinda.

Jumatano, Molo

Nimekaa mbali na pareto, nikaenda na binamu yangu kutazama kuni ukingoni mwa msitu, nikiwa na sketi. Kosa. Upupu wa milimani, ambao hapa kila mtu anauita kwa Kikuyu, thabai, ulinikwangura muundi wote wa kushoto.

Binamu alicheka, kisha akaona naandika wakati mguu unawaka, akacheka zaidi. Lakini tazama: vipele vile vile, vyeupe katikati na vyekundu pembeni, mwasho ule ule. Tofauti ni kwamba thabai haihitaji IgE wala kumbukumbu yoyote. Kila unywele wake ni sindano ya kioo, ncha yake huvunjika ukiigusa, na ndani mna histamini iliyokwisha kutengenezwa na mmea, pamoja na asetilikolini na vitu vingine vya kuunguza. Mtu yeyote atavimba, awe na mzio au asiwe nao. Mmea unatumia molekuli ile ile niliyonayo mimi, ila yeye anaitumia kwa akili: dhidi ya adui.

Jioni shangazi alipika thabai hiyo hiyo, akaiponda na viazi na mahindi. Ikichemshwa sindano hulegea. Nilikula sahani mbili kwa kulipiza kisasi.

Alhamisi, Molo hadi Kericho

Tumeondoka saa kumi na moja alfajiri kwa kanta ya binamu, magunia ya viazi nyuma, turubai limefungwa. Baridi ya Mau Summit ni ya kukata masikio. Viazi vinapelekwa soko la Kibuye, Kisumu, lakini binamu alikuwa na mtu wa kumwona Kericho kwa hiyo tunalala.

Mashamba ya chai hayanifanyi chochote. Majani machanga yanachumwa kabla mmea haujafikiria maua. Pua imekauka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, na mvua ya alasiri imeosha hewa.

Katika kanta, kwa kukosa kazi, niliandika herufi H kwenye mkono wangu kwa kifuniko cha kalamu. Sikukwaruza, nilikandamiza tu. Binamu alikuwa akitupia jicho.

Kwanza mstari mwekundu, mara moja. Nusu dakika baadaye wekundu ukasambaa pembeni, wenye kingo zilizochanikachanika. Kisha, tulipokuwa tunapita Londiani, herufi yenyewe ikainuka, nyeupe, kama imeshonwa kwa uzi chini ya ngozi.

"Mwalimu, hiyo ni uchawi?"

Si uchawi. Watu kadhaa wana ngozi ya namna hii. Seli zao za masti hufunguka hata kwa kukandamizwa. Hatua tatu nilizoziona zilielezwa na daktari Thomas Lewis wa London katika miaka ya 1920. Alikuna ngozi za watu, akasubiri, akapima. Wekundu wa katikati, akasema, ni mishipa midogo kutanuka. Wekundu unaosambaa unapitia neva. Uvimbe ni maji kuvuja. Alipodunga histamini kidogo kwenye ngozi akapata tatu zile zile kwa mpangilio ule ule. Hata hivyo alikuwa mwangalifu, hakudai kwamba kinachotoka katika ngozi iliyoumia ni histamini. Akakiita dutu H, akaacha hapo. Nampenda kwa hilo. Mimi ningedai.

Binamu akaomba nimwandikie jina lake. Mkono wake ulibaki mwekundu kidogo tu, na mpaka Kericho alikuwa akilalamika kwamba kalamu yangu ina ubaguzi.

Ijumaa, Kericho hadi Kisumu

Kuteremka, kuteremka, kuteremka. Masikio yaliziba yakazibuka. Awasi joto, Ahero joto zaidi, mpunga kijani kibichi pande zote. Viazi vikashushwa Kibuye saa saba mchana, binamu akapata bei aliyoitaka, akageuza kanta.

Nimefikia kwa rafiki yangu tuliyesoma naye chuo, anaishi karibu na ziwa pamoja na mama mkwe wake. Jioni tulikuwa uani nikaona moshi umesimama juu ya maji, nguzo kubwa ya kijivu ikiyumba. Nikauliza nani anachoma nini. Mama akacheka: ni wadudu wa ziwa. Mabuu yao huishi katika tope la chini, hutoka maelfu kwa maelfu, huruka siku chache, hupandana, hufa. Upepo ukageuka wakatujia. Hawaumi, lakini waliingia masikioni, kwenye chai, kwenye taa. Asubuhi yake walikuwa wamelala dirishani kwa marundo ya kufagiwa.

Nilipiga chafya usiku kucha. Huenda ni godoro la wageni. Utitiri wa vumbi hupenda unyevu na joto, na hapa vyote viwili vipo kuliko kwetu. Lakini sitawaondolea lawama wadudu hawa. Ndugu zao wa kando ya Nile huko Sudani walijulikana kwa kuwaletea watu mafua ya mzio na pumu, na kilichowasha moto ni hemoglobini ya mabuu: wana damu nyekundu hao, ili kuishi kwenye tope lisilo na hewa. Wakifa wakakauka, hugeuka vumbi, na vumbi huingia puani.

Jumamosi, Dunga

Tumekula ngege wa kukaanga ufukweni Dunga, na ugali. Sikuvimba, sikuwashwa. Mama alisisitiza kwamba aliwahi kumwona mtu "aliyekataliwa na samaki", uso mwekundu, moyo mbio, kichwa kikimgonga, saa moja tu baada ya kula, na tangu siku hiyo hali samaki.

Nikamuuliza ni samaki gani. Jodari, wa kutoka Pwani.

Nilijua hadithi hiyo kwa sababu ilinipata mimi mwenyewe arusini Mombasa, na nilitoka pale nikiamini nimepata mzio mpya. Haikuwa mzio. Jodari na jamaa zake wa baharini wana histidini nyingi katika nyama. Samaki akikosa barafu kwa saa kadhaa, bakteria huigeuza histidini hiyo kuwa histamini kwa njia ile ile ya kung'oa kaboni dioksidi, na ukimla unameza histamini ya mezani. Kuchemsha na kukaanga kunaua bakteria. Histamini inabaki kama ilivyo. Watu wanne wa meza moja tulipata, na hilo lilipaswa kunifungua macho: mzio haushambulii meza nzima.

Mama alinitazama. "Kwa hiyo yule mzee amekaa miaka minane bila samaki bure?"

"Inawezekana, Mama. Lakini asijaribu kwa maneno yangu, aende kwanza hospitali." Maana kuna wenye mzio wa kweli wa samaki, na kwao mzaha haupo: seli za masti za mwili mzima hufunguka kwa pamoja, mishipa yote hutanuka, shinikizo la damu huanguka, koo huvimba. Hapo vidonge vya kuzuia histamini ni polepole mno. Ni adrenalini, kwenye msuli wa paja, mara moja.

Jumapili, Kisumu

Macho mekundu, midomo imepasuka kwa kupumulia mdomo, hasira bila sababu. Mama, kwa huruma, alinitolea vidonge viwili vya njano kutoka kwenye kibeti. Klofeniramini. "Nyathina, mwanangu, meza ulale." Nilitamani kulia. Nilivifahamu vizuri sana. Zamani nilivimeza kabla ya ibada nikasinzia kwenye safu ya kwanza ya kwaya. Sababu ni kwamba ubongo nao una histamini yake, inayotolewa na neva fulani ili tuwe macho, na vidonge vile vya kale hupenya hadi ubongoni vikakalia viti vya huko pia. Setirizini hupenya kidogo tu. Kizazi hicho cha kwanza kilianza Paris miaka ya 1930, kwenye maabara ambamo Daniel Bovet alikuwa akifanya kazi. Alipewa Nobeli mwaka 1957.

Nilimrudishia. Siku moja imebaki.

Jumatatu, Kisumu

Kliniki iko ghorofa ya pili. Daktari, mzee mwenye miwani ya kuning'inia, alinikunjulia mkono wa kushoto juu ya mto, muuguzi akachora namba kwa kalamu, moja hadi nane, akadondosha tone kando ya kila namba. Kisha kwa kipini kidogo chenye ncha fupi daktari akachoma katikati ya kila tone. Haitoki damu. Pembeni palikuwa na trei yenye sindano ya adrenalini, imefunikwa kitambaa. Niliuliza, akajibu hakuna mgonjwa wa kipimo hiki aliyewahi kuihitaji mikononi mwake, na ndiyo maana huiweka.

Namba moja ni maji ya chumvi, yasiyopaswa kufanya lolote. Namba nane nilimwomba anionyeshe chupa yake kabla hajaifunga. Kichupa cha kahawia, kidogo kuliko kidole gumba. Histamini, miligramu 10 kwa mililita. Tone hilo huwekwa kwa kila mgonjwa ili ijulikane ngozi inaweza kuvimba. Kama lisingevimba angejua nimemeza dawa kwa siri na angenirudisha nyumbani.

Dakika kumi na tano za kusubiri, na huruhusiwi kukuna. Nikaitazama ile chupa. Atomi 17 tu: kaboni tano, hidrojeni tisa, naitrojeni tatu. Wajerumani Windaus na Vogt waliitengeneza maabara mwaka 1907, wakati ambapo hapakuwa na aliyejua kwamba miili inayo. Miaka michache baadaye Henry Dale na Patrick Laidlaw walimpa mnyama kidogo wakaona shinikizo la damu linaanguka, njia za hewa zinakaza. Mpaka mwaka 1927 ndipo Dale na wenzake walipoitoa katika ini na mapafu mabichi na kuthibitisha kwamba ni ya mwili wenyewe. Miaka 20 ilikaa chupani kama mgeni, kumbe ni mwenyeji.

Namba nane ilianza kuwasha dakika ya tatu. Ya nne na ya tano zikafuata kabla hiyo haijatulia, na hizo hazikuwa na tone la histamini: zilikuwa na utitiri na nyasi. Histamini yake ilitoka kwangu. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, ile ya chupa na ile ya ngozi yangu.

Daktari akapima kwa rula ya plastiki. Maji ya chumvi, sifuri. Paka, sifuri, nilifurahi, kwani ninaye. Histamini, milimita sita. Nyasi, tano. Mende, tatu, "mpakani", akasema. Utitiri wa vumbi, nane, mkubwa kuliko histamini yenyewe. Kinachotimiza milimita tatu kuzidi maji ya chumvi huhesabiwa. Mmea wa artemisia ya Ulaya, nne.

"Umewahi kuishi Ulaya?"

"Sijawahi kuvuka mpaka wa Busia."

Akavua miwani. Artemisia ni ya ukoo mmoja na pareto, akaeleza, na IgE ya mmoja huweza kumkamata mwingine. Akauliza kama kwetu kuna pareto. Nikamwambia nimetoka kuchuma wiki iliyopita, na nikauliza namba ya pareto ni ipi. Hakuna. Vichupa hivi huagizwa nje, na huko nje hawajui kwamba kuna mtu anayeamka asubuhi akaenda kuchuma pareto.

Nilikuwa nimejiandaa. Nikatoa kwenye mkoba maua ya shangazi, makavu, yamefungwa katika gazeti, nikafungua juu ya meza. Nilidhani angeweza kuyasaga, akaweka tone. Daktari alisukuma kiti nyuma. Kitu kisichopimwa nguvu hakimchomi mgonjwa wake, akasema, na tafadhali Mwalimu, funga hilo gazeti.

Nilikuwa nalikunja wakati muuguzi, aliyekuwa akinifuta wino mkononi, alipopiga chafya. Mara mbili, kisha ya tatu.

Daktari akamgeukia. "Ulikulia wapi wewe?"

"Kisii," akajibu, akipangusa pua kwa nyuma ya kiganja. "Kwetu ilikuwa pareto hadi mlangoni."